Mahrus Anaogelea Kama Wenzake

Ijumaa, 11 Januari

Mahrus leo anaogelea mgongo juu, tumbo chini, kama samaki wenzake wote duniani. Basi nimejua anaumwa.

Yeye ni kambare wa Nile, wa ile aina inayoogelea chali. Nilimtoa kwenye kapu la muuza samaki, mdogo kama kidole, amelala tumbo juu, juu ya wenziwe waliokufa, sharubu zinacheza. Miaka kumi na minane sasa yuko kwenye tangi la kioo hapa dukani ninapopigia watu pasi, na kila mteja mgeni anayeleta suruali hutazama tangi, akanitazama mimi, kisha akanipa pole: fundi, samaki wako amekufa. Wengine nawaachia waondoke na huzuni yao. Wengine nawaambia matanga ni Alhamisi, waje na sukari.

Leo jirani yangu mwenye duka la betri kaingia, kamwona Mahrus kasimama sawa, akasema, "Mashaallah, naona samaki kapona." Pasi ilikuwa mkononi. Mungu alimhurumia.

Nilifunga duka mapema nikaenda soko la Ijumaa kwa Bishara, anayeuza samaki wa mapambo na kasa na uongo. Sikuwa na la kumwambia ila kwamba samaki kageuka. Akasema, "Ami Shahata, andika. Kila siku. Anakula nini, anapumua vipi, anakaa pembe gani. Ukirudi hapa na 'sijui' na 'nadhani' nitakuuzia kasa." Ndiyo maana naandika, nyuma ya karatasi za kalenda ya ukutani, zile za kuchana. Shule niliiacha darasa la nne na mwalimu akamshukuru Mungu. Lakini kuandika najua, maana shati la mtu lisipoandikwa jina huenda kwa jirani.

Haya. Mahrus: amekaa nyuma ya bomba la mapovu, mgongo juu. Matamvua yanakwenda mbio. Hakula tango. Macho safi. Pampu ya hewa ni mpya, niliinunua Desemba ile ya zamani ilipokufa, nikaitundika msumarini karibu na mlango kwa sababu inavuma kama nyuki na mke wangu analala chumba cha nyuma.

Mke wangu ni Nagafa. Mungu hakutupa mtoto. Mtaa ukaanza kumwita Mama Mahrus kwa kumkejeli, kejeli ikachoka, jina likabaki. Na mimi nikawa Baba Mahrus. Mama yangu mzazi alizika watatu kabla yangu, akaniita Shahata, yaani ombaomba, ili kifo kinione takataka kinipite. Kimenipita mpaka leo, nina miaka sabini na minne. Nagafa anasema na samaki naye tungempa jina baya, hilo "Mahrus", aliyelindwa, ni kujitangaza kwa wenye jicho la husuda.

Sheikh Sallam mfukizaji alipita kabla ya swala na chetezo chake, duka kwa duka, kama kila Ijumaa. Naye alisema ni jicho.

Nagafa anakohoa. Baridi.

Jumamosi, 12 Januari

Mbaya. Anavuta hewa juu ya maji kama mvuta shisha.

Jumatatu, 14 Januari

Amekula tango kidogo. Bado mgongo juu. Wateja wawili wamenipongeza.

Ijumaa, 18 Januari

Jana alikuwa vizuri, leo alasiri amelala chini mchangani. Nikarudi sokoni na karatasi zangu. Bishara alizisoma kama daktari, miwani kwenye ncha ya pua. Akauliza ana vidoadoa vyeupe? Hana. Anajikuna kwenye mawe? Hapana. Mapezi yamechakaa? La, ila sharubu moja imekuwa fupi. Akasema basi ni matamvua, kitu kinamchoma pumzi. Akanipa chupa ya dawa ya buluu.

"Matone nusu ya yaliyoandikwa," akasema. "Nusu, Ami. Kambare hana magamba, yuko uchi. Kinachomfaa samaki wa dhahabu kitamchuna huyu."

Nikamwambia mimi pia niko uchi ndani ya nguo zangu na hakuna anayenipunguzia dawa. Akasema ndiyo maana sura yangu iko hivyo.

Nimetia nusu. Naapa nusu.

Jumapili, 20 Januari

Leo nimegombana na Nagafa, na sijui nani kashinda.

Nilikuwa napunguza maji ya tangi. Hutia mpira, hunyonya upande wa pili kwa mdomo mpaka maji yaje, kisha huachia ndooni. Sasa mdomo huu wangu si mdomo wa kawaida. Nimenyunyizia nguo za mtaa huu maji kwa mdomo miaka hamsini, kabla ya kuzipiga pasi ya mguu, ile nzito ya kusukumwa kwa unyayo, na nayajua maji: ya bomba la alfajiri, ya tangi la paani, ya siku wanapozidisha dawa. Leo yalipofika ulimini yalikuwa maji ya bahari. Nikatia mkono chini, mchangani kuna chembe za chumvi ya mawe.

Nikamuita Nagafa. Hakukana. Alisema alimtupia chumvi usiku wa Ijumaa kumtoa jicho, konzi moja tu, akasoma juu yake. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Sawa, Mama Mahrus, chumvi umeshatia, basi lete na mafuta na unga tumkaange kabisa."

Nilidhani atanirushia kandambili. Hurusha vizuri, kwa umri wake. Badala yake alikaa kwenye kiti cha wateja, juu ya kanzu ya mtu, akatazama tangi. Akasema polepole, "Hata samaki sikuweza kumlea."

Nimebadilisha maji yote kidogokidogo mpaka mgongo ukakatika.

Jumatatu, 21 Januari

Mahrus hakula. Nagafa hakula.

Jumanne, 22 Januari

Vilevile, wote wawili. Nimempikia dengu, zikaungua. Nimezila mwenyewe mbele yake huku nasifia, hakucheka.

Jumatano, 23 Januari

Nagafa amekula mkate na ful, maharagwe yake ya kila siku. Mahrus tango. Nimeapa kwa kaburi la mama sitamtania tena juu ya samaki. Mambo mengine nimeyaacha wazi.

Jumamosi, 26 Januari

Mbaya tena. Jumatano nzuri, Alhamisi nzuri, Jumamosi kama tulivyoanza. Nimekipandisha kidogo kipasha-joto cha maji, kama alivyosema Bishara. Hakuna.

Ijumaa, 1 Februari

Mvua. Mtaa mzima umekuwa ziwa na mwenye duka la betri kavuka akiwa kabebwa mgongoni na msaidizi wake, na heshima yake yote. Hakuna mteja, hakuna Sallam, hakuna swala kwangu, Mungu anajua hali ya viatu vyangu.

Mahrus kala.

Jumamosi, 2 Februari

Kala tena! Kazunguka tangi. Mgongo bado juu, lakini kwa muda mfupi aliinama ubavu, kama mtu anayewaza kulala. Nagafa alisimama pale mpaka chai yake ikapoa.

Ijumaa, 8 Februari

Amshir, mwezi wa dhoruba, imeanza, upepo unabamiza milango na vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Kanzu tatu nimezipiga pasi mara mbili.

Nilirudi msikitini nikakuta duka halionekani kwa moshi. Sheikh Sallam yumo ndani, mlango umefungwa kwa ajili ya vumbi, anazunguka tangi na chetezo, ubani na shabu na sijui nini kingine, anahesabu mizunguko saba, na Nagafa nyuma yake anahesabu naye asije akaibiwa mmoja. Nikasema mnanichoma duka au mnanifukiza mimi. Sallam akasema, "Mzee Shahata, wewe ungehitaji mizunguko sabini, na makaa sina."

Sallam alipotoka, Nagafa alikohoa mpaka akashika meza. Nikafungua mlango, akaufunga. Vumbi, akasema.

Jumamosi, 9 Februari

Leo ni lazima niandike vizuri.

Asubuhi Mahrus alikuwa pembeni juu kabisa, mdomo nje ya maji, mgongo wima, matamvua mekundu yamefunguka. Nilijua akibaki hivyo hafiki jioni. Nikachukua mpira nipunguze maji. Nikanyonya.

Ubani.

Nilitema, nikanyonya tena. Ubani, na nyuma yake ule uchungu wa shabu iliyoungua. Maji yenyewe meupe safi, ungeweza kumpa mgonjwa. Nikasimama na mpira mdomoni kama mtoto, maji yananichuruzika kifuani, macho yakafuata: mapovu yanatoka mchangani, kimpira cha hewa kinapanda ukutani, kinakwenda mpaka kwenye pampu, pampu iko msumarini karibu na mlango. Pale pale Sallam anaposimama kila Ijumaa na kuning'iniza chetezo. Pampu inavuta moshi mdomo wazi, inausukuma mpaka chini ya maji, Mahrus anaupumua.

Ijumaa anafukizwa, Jumamosi anakufa, Jumatano anafufuka. Ijumaa ya mvua Sallam hakuja, na samaki akala. Lote nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu na sikuliona, imebidi niambiwe na ulimi.

Nilitaka kumkimbilia Sallam nimvunjie chetezo kichwani. Lakini Sallam hajitumi. Mizunguko saba imelipiwa na Nagafa, kwa pesa yake ya kuuza mayai. Kila Mahrus akizidi kuumwa anazidi kumwombea, na kila akimwombea anazidi kumuumiza. Nimwambieje? Chumvi tu ilimwangusha siku mbili asile. Hii ni zaidi ya chumvi. Hii ni dua yake.

Alikuwa ndani anakohoa. Nikaitoa pampu msumarini, nikaenda kwa muuza mabomba nikanunua mpira mrefu, nikaitundika pampu nje ya dirisha la nyuma na kuifunika kitambaa dhidi ya vumbi. Nikabadilisha maji, nikabadilisha tena. Nagafa akauliza ninafanya nini. Nikamwambia pampu inanipigia kelele, siisikii redio.

"Tangu lini unasikiliza redio, ewe mzee?"

"Tangu ulipoacha kunisemesha."

Akarudi ndani.

Jumapili, 10 Februari

Kala.

Ijumaa, 15 Februari

Sallam kaja, kazunguka saba, kalipwa, kaenda. Nilijifanya nahesabu vifungo.

Jumamosi, 16 Februari

Kala, na kwa nguvu. Matamvua yametulia. Sharubu fupi inaota ncha nyeupe. Nimekuwa daktari, naweza kufungua zahanati. Nagafa alipomwona anakula alishika kioo kwa mikono miwili akambusu kupitia kioo. Kisha akasema, "Umeona ubani unavyofanya kazi?"

Nikasema nimeona.

Jumatatu, 18 Februari

Nagafa amejinunulia chetezo chake, cha udongo. Anafukiza mwenyewe kila asubuhi, mpaka Mahrus ageuke chali, ndiyo nadhiri yake. Milango imefungwa kwa sababu ya vumbi. Mimi nafanya kazi kwenye wingu kama malaika mwenye pasi.

Jumatano, 20 Februari

Mahrus mzima, ila bado mgongo juu. Nagafa amelala mchana. Halali mchana.

Alhamisi, 21 Februari

Upepo. Kikohozi chake sasa kina filimbi ndani.

Jumapili, 24 Februari

Asubuhi nilikuwa nabadilisha maji, nazungumza na Mahrus, namsifu. Nikasikia kiti kinaburuzwa. Nikageuka, Nagafa kasimama mlangoni mwa chumba, mkono mmoja ukutani, chetezo mkono wa pili, kinywa wazi kimeelekea juu. Mabega yanapanda na kushuka, mbio. Ngozi chini ya koo inaingia ndani, inatoka, inaingia.

Nilishaiona pumzi hiyo. Wiki sita nimeiona kwenye kioo, nimeiandika, nimeipa jina. Mke wangu alikuwa hatua chache nyuma yangu muda wote, sikumwandikia hata mstari wa haki. "Anakohoa. Baridi." Hayo, na vistari vichache vya kupita.

Nilimpokonya chetezo nikakitupa kwenye ndoo ya maji ya Mahrus. Mwenye duka la betri, yule yule, ndiye aliyembeba mikononi mpaka garini, na njia nzima kwenda hospitali ya kifua alikuwa amemshika kichwa kisigonge dirisha, hakusema upuuzi hata mmoja. Nimemtukana kimoyomoyo miaka mingi mtu huyu. Basi, nimeacha.

Wamemlaza. Daktari ni msichana, akaniuliza nyumbani mnapikia kuni? Nikasema hapana. Kuna anayevuta sigara? Hapana. Mna moshi wa namna gani? Nikamwambia wa dua.

Hakucheka. Alisema mapafu yake si ya leo wala ya mwezi huu, yalikuwa yamechoka tangu zamani, pengine mvuke wa pasi, pengine vumbi, na huu moshi umeyamalizia. Hayatarudi mapya. Yanaweza kutunzwa.

Jumatatu, 25 Februari

Hospitali. Nimesahau kumlisha Mahrus.

Jumanne, 26 Februari

Amepata sauti. Nikakaa kitandani, nikamwambia yote: mpira, ulimi, msumari, Sallam, pampu dirishani, redio ya uongo. Sikupamba. Alikuwa na kibarakoa cha hewa usoni na macho yake hayakuondoka kwangu. Nilipomaliza alikishusha.

"Kwa hiyo wewe ulijua moshi unaua."

"Nilijua unamuua Mahrus."

"Ukamtolea Mahrus pumzi nje ya dirisha."

"Ndiyo."

"Na mimi?"

Mimi nina jibu la kila kitu. Nilimjibu hakimu mara moja mpaka akaahirisha kesi. Pale nilitazama sakafu, kuna kigae kimevunjika.

Baadaye nikasema niliogopa atalia kama siku ya chumvi. Akapumua kwanza, kisha akasema, "Ningelia, Shahata. Ningelia nikamaliza, nikafungua dirisha."

Akakipandisha kibarakoa, akafumba macho. Nikakaa. Nilipoinuka kwenda alinishika mkono wa kanzu, akauliza Mahrus kala? Nikasema ukweli, kwamba jana nilimsahau. Akanitazama kwa namna ambayo nilifurahi sana, maana ilikuwa hasira ya mtu mzima wa afya.

Ijumaa, 1 Machi

Nilimngoja Sallam mlangoni toka asubuhi, na maneno yangu nimeyapanga. Alipofika, moshi unatangulia, nikamwambia Nagafa yuko hospitali ya kifua na kilichompeleka. Sikupiga kelele. Mtu yule alikuwa amevaa viatu visivyofanana. Alitazama chetezo chake kama mtu aliyeambiwa mbwa wake kauma mtoto. Akakishusha chini barabarani, akakiziba kwa kifuniko, akakaa kizingitini.

"Mimi nimerithi hiki kwa baba," akasema. "Sina kingine cha kupita nacho mlangoni kwa watu."

Nagafa alikuwa ameniagiza, kabla sijaondoka jana: usimfukuze Sallam. Mimi nilitaka kumfukuza, lakini nimejifunza wiki hii nani ana akili katika nyumba yetu. Nikampa chai. Nikamwambia, "Dua tunaitaka. Moshi waachie wenye maduka ya vyuma, mapafu yao ni ya vyuma pia." Tukakubaliana: kwangu atapita na chetezo kitupu, kilichopoa, atasema maneno yote bila kupunguza, na malipo ni yale yale. Akauliza, na mizunguko? Nikamwambia mizunguko akitaka, ila mimi ndiye nitakayehesabu.

Jumanne, 5 Machi

Mahrus: anakula, mgongo juu. Nagafa: ametembea mpaka chooni peke yake, amerudi ameshika ukuta. Tangu leo naandika wawili.

Ijumaa, 8 Machi

Mahrus: vilevile. Nimemwambia Bishara hageuki, akasema huenda amezoea, huenda hatageuka tena, tushukuru yu hai. Nagafa: anaweza kugombana na muuguzi bila kupumzika katikati.

Jumapili, 10 Machi

Amerudi nyumbani. Nimempangusia kuta zote kwa siki, nimefungua madirisha, vumbi liingie litakavyo. Kitanda nimekihamishia mbele, nyuma ya pazia la duka, apate hewa ya barabara. Pasi ya mvuke nimeipeleka uani. Alikaa mbele ya tangi muda mrefu. Akaniuliza kama nadhani Mahrus amemkasirikia. Ulimi ulikuwa umeshabeba utani, nikaumeza. Nikasema samaki hajui nani alimfukiza, anajua tu nani alimlisha. Akasema, "Uongo wako umekuwa mzuri siku hizi." Nikasema huo si uongo, ni udaktari.

Jumanne, 12 Machi

Nagafa: dozi zote mbili. Ngazi za paani hapana. Mahrus: tango, na minyoo ya Bishara.

Ijumaa, 15 Machi

Sallam alipita na chetezo kilichopoa. Akasimama mlangoni, akakining'iniza kikiwa kitupu, minyororo inalia, akasoma yote mpaka mwisho. Nyuma ya pazia Nagafa akaitikia amina kila mahali panapostahili na mahali pengine pasipostahili. Watu wawili walisimama barabarani kutazama mzee anayefukiza hewa.

Baada ya swala nilikuwa uani na pasi. Kaingia mteja mgeni, kijana na suti ya harusi mkononi. Nikamsikia amesimama mbele ya tangi. Kisha akaniita kwa sauti ya chini, ya adabu, "Fundi. Pole. Naona samaki wako amekufa."

Nilikuja na pasi mkononi, sijui niliiweka wapi baadaye. Mahrus yuko katikati ya tangi, chali, tumbo juu, hatikisiki. Mara hii sikujua kama ni mzima. Nikagonga kioo kwa ukucha. Hakuna. Nikagonga tena. Sharubu ndefu ikacheza, na ile fupi ikafuata, akajisukuma taratibu kuelekea kwenye mapovu, tumbo likitazama dari, kama aliyerudi kitandani kwake.

"Anasema nini huyo?" Nagafa akauliza nyuma ya pazia.

"Anasema Mahrus amekufa."

Kisha nikasikia kitanda kinalia, pazia likavutwa, akatokeza kichwa na kitambaa kimekaa upande, akatazama tangi. Akacheka. Alicheka mpaka kijana wa watu akarudi nyuma na suti yake, akidhani ameingia nyumba ya wasiojali maiti.

Kikohozi kikaja nyuma ya kicheko. Kifupi. Nimekiandika.